Modeli Kubwa za Vyombo vya Anga: Kusoma Dalili na Kufikia Chanzo

Mkusanyaji anayejenga Millennium Falcon ya mwaka 2017, chombo cha anga cha filamu za Star Wars kilichotolewa na Lego kama seti namba 75192 yenye vipande vya plastiki 7,541 vya kuunganisha, hukaa na kazi hiyo mezani kwa majuma kadhaa, na kosa alilolifanya Jumamosi ya kwanza anaweza asilione hadi mwezi wa pili, siku ambayo paneli ya mwisho ya juu inakataa kukaa mahali pake. Feni ikigoma, fundi hufungua feni palepale ilipogoma. Modeli ya namna hii ukiifungua pale ilipogoma mara nyingi hukuti kitu, kwa sababu dalili imejitokeza juu ilhali chanzo kimelala chini, hatua mia mbili nyuma. Mwongozo huu ni wa wakazi wa Dodoma na kanda ya kati wanaokusanya seti kubwa za maonyesho za vyombo vya anga vya hadithi za kisayansi, na unaanzia kwenye kile kinachoonekana ili kufika kwenye kilichokisababisha, kabla mkono haujang'oa kipande chochote.

Nimezingatia zaidi seti za Lego za mfululizo wa Ultimate Collector Series, ulioanza mwaka 2000, kwa kuwa ndizo zinazowasumbua wengi kwa ukubwa wake. Imperial Star Destroyer ya mwaka 2019, namba 75252, ina vipande 4,784 na urefu wa sentimita 110. Venator ya mwaka 2023 ina vipande 5,374 na urefu wa sentimita 109. Hakuna meza ya kawaida ya sebuleni inayozipokea bila kwanza kuhamisha vitu vingine. Miongozo mingi ya wenzetu wa nchi za baridi huonya kuhusu unyevu na ukungu, na msomaji wa hapa akiifuata neno kwa neno atajilinda dhidi ya adui asiyekuwepo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake huanza karibu na Desemba na kwisha Aprili, na miezi yote iliyobaki ni ukavu, upepo, vumbi jekundu na jua.

Swali la kwanza la kujiuliza, kabla ya mengine yote, ni lini dalili ilianza: wakati wa kujenga, wakati modeli imekaa rafuni bila kuguswa, au baada ya kuisafisha na kuihamisha. Jibu la swali hilo peke yake huondoa zaidi ya nusu ya vyanzo vinavyoweza kufikiriwa, na ndiyo sababu nimeupanga mwongozo kwa mpangilio huo.

Paneli haikai, au fremu inajipinda ujenzi ukiwa bado unaendelea

Jambo la kwanza ni kutosukuma. Paneli inayohitaji kupigwa kwa kiganja ili ikae inakueleza kwamba mahali pake pamehama, na ukiilazimisha utahamishia kosa mahali pengine ambapo litakuwa gumu zaidi kulipata.

Jambo la pili ni rula. Vipande vya Lego vina vipimo visivyobadilika: kutoka katikati ya kinundu kimoja, yaani kile kiduara kilichoinuka juu ya kipande, hadi katikati ya kinundu kinachofuata ni milimita 8, kimo cha tofali la kawaida, bila kuhesabu kinundu, ni milimita 9.6, na kimo cha kipande bapa ni milimita 3.2, hivyo bapa tatu zikipandana hulingana na tofali moja. Kwa sababu hiyo pengo lenyewe hulitaja kosa. Pengo la milimita 8 au zidisho lake humaanisha kwamba pini, kile kiungo kifupi kinachounganisha vipande vyenye matundu, imeingia kwenye tundu la jirani, au kwamba boriti au ekseli (kijiti kirefu kinachopita matunduni) iliyotumika ina urefu usio wake. Pengo la karibu milimita 3 humaanisha kwamba kuna bapa moja iliyozidi au iliyosahauliwa chini ya sehemu hiyo. Pengo lisilofika milimita moja, ambalo unaweza kuliziba kwa ukucha, karibu kila mara ni pini ambayo haikuingia hadi mwisho, au kipande bapa kilichokaa kwa vinundu vitatu badala ya vinne, na hilo ndilo kosa rahisi kuliko yote kwa kuwa linarekebishwa kwa kubonyeza tu, endapo kidole kinafika.

Pengo lisilo na kipimo kimoja, lililo pana upande huu na jembamba upande ule, ni habari nyingine. Hapo fremu imejipinda, na wa kwanza kushukiwa ni pini. Pini nyeusi zina mikwaruzo midogo iliyoinuka ubavuni, nazo hushika kwa msuguano. Pini za kijivu au za rangi ya mchanga zenye umbo lilelile ni laini na zimetengenezwa ili sehemu izunguke. Vilevile ile pini ambayo nusu yake ni ekseli: ya buluu hushika, ya rangi ya mchanga huzunguka. Mjenzi aliyeishiwa nyeusi na kutumia za kijivu kwa kudhani kwamba tofauti ni rangi tu atakuwa na fremu inayoonekana kamili mezani, lakini ikibebeshwa paneli inaanza kulegea kama kitanda cha kamba kilichochoka. Kuibainisha hakuhitaji kubomoa: shika fremu ncha mbili, izungushe taratibu kama unayekamua nguo, kisha tazama ni kiungo gani kinachotembea kabla ya vingine.

Nikiri kosa langu, kwa kuwa linaonyesha jinsi chanzo kinavyoweza kujificha. Katika meli yangu ya kwanza kubwa, paneli ya nyuma upande wa kushoto ilikataa kufika kwenye bawaba yake, na pengo nililopima lilikuwa milimita 8 kamili. Nilibomoa sehemu ya nyuma mara mbili na kuijenga upya mara mbili, kila mara nikifika palepale. Usiku wa tatu niliacha kuitazama nyuma nikaanza kulinganisha ubavu wa kushoto na wa kulia, boriti kwa boriti, kuanzia puani. Karibu na katikati, ndani kabisa, nikaona ncha nyeusi ya ekseli upande wa kulia ikichungulia nje ya tundu kwa upana wa punje ya mtama, na upande wa kushoto tundu lilikuwa tupu. Nilikuwa nimeweka ekseli ya urefu wa 7 mahali pa ekseli ya urefu wa 8, hivyo kizuizi cha mwisho kikaserereka ndani kwa kinundu kimoja, na kila kilichojengwa baadaye kikafuata.

Mbinu hiyo ya kulinganisha mbavu ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Vyombo vingi vya anga vya kubuniwa vina pande mbili zinazofanana kama uso na picha yake kwenye kioo, na mjenzi hukosea upande mmoja, ni nadra kukosea pande zote mbili kwa namna ileile. Tofauti ya kwanza utakayoikuta ukianzia mahali palipo sawa ndiyo kosa. Tofauti zinazofuata ni matokeo yake.

Kuhusu ekseli, kitabu cha maelekezo huchapa picha yake kwa ukubwa halisi pamoja na namba ya urefu, ili mjenzi ailaze juu ya karatasi na kupima. Anayetumia maelekezo ya kidijitali kwenye simu hupoteza msaada huo, kwa sababu skrini hukuza na kupunguza picha. Ailaze ekseli kando ya bapa ndefu na kuhesabu vinundu: ekseli ya 8 hulingana na vinundu vinane.

Kipande hakipo

Kwa uzoefu wangu, kipande kinachodaiwa kukosekana mara nyingi kiko ndani ya mfuko ulioonekana mtupu, kwenye kona iliyokunjamana, au kimeshatumika mahali pasipo pake. Tazama mabaki. Seti hizi huja na ziada ya vipande vidogo kabisa, kama vile vya kinundu kimoja na pini ndogo, kwa hiyo kubaki na vitano au sita vya aina hiyo mwishoni mwa mifuko ya namba moja si kosa. Boriti, bawaba au bapa pana havina ziada. Ukibaki na kimoja cha namna hiyo mezani, kuna hatua umeiruka, na pengo la kile unachokitafuta lina uhusiano na kile kilichobaki.

Chanzo kingine ni mwanga. Nyeusi na kijivu kilichokolea hufanana chini ya taa yenye mwanga wa njano, na umeme ukikatika ukaendelea kwa taa ya kuchaji, hudhurungi nayo hujiunga nazo. Kazi ya kuchambua rangi ifanyike mchana, karibu na dirisha lakini nje ya jua lenyewe.

Ikithibitika kwamba kipande hakipo kweli, soko la BrickLink, lililoanzishwa mwaka 2000 na kununuliwa na Lego mwaka 2019, huuza kipande kimoja kimoja, ila gharama ya kukisafirisha hadi huku huwa kubwa kuliko kipande chenyewe, kwa hiyo ni busara kusubiri wenzako watatu au wanne waorodheshe mahitaji yao muagize kwa pamoja. Wakati mnasubiri, kuna ujanja halali: tumbo la vyombo hivi hujengwa kwa vipande vya rangi yoyote, vyekundu, vya njano na vya buluu, kwa kuwa havitaonekana. Kipande cha kijivu kinachohitajika nje kikiwa kimetumika pia ndani, kitoe ndani, na mahali pake weka kinachofanana umbo kutoka kwenye ndoo ya vipande vya watoto.

Vipande vinabana mno au havishiki kabisa

Kagua kinundu kwa kioo cha kukuzia. Kipande halisi cha Lego kina jina la kampuni juu ya kila kinundu. Kama jina halipo, umechanganyiwa vipande vya kuiga, jambo la kawaida kwenye seti zilizopita mikononi mwa watu wawili watatu. Kipande cha kuiga si lazima kiwe kibaya, ila tofauti ndogo ya kipimo ikijirudia kwenye safu ya vipande thelathini hujilimbikiza, na ukuta mrefu huanza kupinda kama upinde. Vipande vya namna hiyo viwekwe kwenye mapambo ya juu. Kwenye fremu visikae. Kama jina lipo na bado kinalegea, kipanguse ndani: vumbi laini la hapa likijipaka kwenye kuta za ndani hupunguza mshiko.

Pua inainama baada ya miezi rafuni

Kabla ya kuilaumu meli, kagua rafu. Funga uzi kutoka ncha moja ya rafu hadi nyingine, uukaze, kisha tazama katikati: uzi ukiacha mwanya na ubao, rafu imebonyea na meli inafuata tu. Fundi seremala wa mtaani kwetu alipoiona rafu yangu ya kwanza, ya ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, aliigonga kwa kifundo cha kidole akasema, "Kaka, huu si ubao, huu ni unga ulioshikana. Mzigo wako haushuki hata siku moja, lazima ubonyee." Aliubandika ufito wa mninga chini ya ukingo wa mbele kwa gundi na skrubu, na kwa miaka kadhaa sasa uzi haujaonyesha mwanya.

Rafu ikiwa imenyooka na pua bado inashuka, chanzo kiko kwenye kiungo kati ya fremu na stendi, au kwenye pini za fremu kama ilivyoelezwa juu. Watu wengi husingizia joto la chumba chenye paa la bati lisilo na dari. Plastiki ya ABS, inayotumika kutengenezea sehemu kubwa ya vipande hivi tangu miaka ya 1960, huanza kulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100, na hakuna sebule ya Dodoma inayofika huko. Kinachoiumiza ni mzigo usioondoka, ambao joto huusaidia kidogo kidogo: kipande kilichobanwa kwa miaka hupoteza sehemu ya mshiko wake. Tiba yake ni kuongeza nguzo ya pili chini ya sehemu ndefu, hata kama haimo kwenye kitabu. Wapo wanaoona kwamba nguzo hiyo inaharibu sura ya chombo kinachopaa. Mimi naona chombo kilichovunjika shingo kina sura mbaya zaidi.

Kwa wachache waliopata Star Destroyer ya zamani ya mwaka 2002, namba 10030, kuna jambo la kipekee: paneli zake kubwa zilishikwa kwa sumaku ndogo. Paneli ikidondoka, kwanza angalia kama sumaku ipo mahali pake, kwa sababu wauzaji wa mitumba huzipoteza bila kujua kazi yake.

Rangi imebadilika

Hapa utambuzi ni mwepesi ukiwa na subira ya kung'oa kipande kimoja. Geuza kipande kilichobadilika na utazame sehemu iliyokuwa imefunikwa na jirani yake. Kama sehemu hiyo bado ina rangi ya awali na mpaka kati ya rangi mbili umenyooka kama uliochorwa, chanzo ni mwanga, hasa miale ya urujuanimno ya jua, inayoufanya mpira uliomo ndani ya ABS uungane na oksijeni na kugeuka njano. Nyeupe na kijivu cheupe huonyesha mapema kuliko nyingine, na seti za vyombo vya anga, kwa bahati mbaya, ni kijivu kitupu.

Kama kipande kina rangi moja juu na chini lakini hakifanani na jirani yake, hilo si jua. Mwaka 2004 Lego ilibadilisha kijivu chake, kutoka kile cha zamani chenye joto kidogo kwenda kile kinachoelekea buluu, na seti ya mitumba iliyojazwa vipande kutoka enzi zote mbili itaonekana na mabaka ambayo hakuna dawa itakayoyafuta. Nimewahi kuuziwa, na muuzaji ambaye simtaji, meli iliyodaiwa kuungua na jua, na nikaitibu kwa majuma mawili kabla ya kugeuza kipande kimoja na kugundua kwamba nilikuwa namtibu mzima.

Unjano huo unaweza kupunguzwa kwa kuloweka vipande kwenye haidrojeni peroksaidi inayouzwa kwenye maduka ya dawa, ndani ya chombo cha kioo kilicho juani, kwa saa kadhaa huku ukivigeuza. Vaa glovu na ulinde macho. Vipande vyenye stika visiingie humo, na nisingependekeza kwa vile vyenye michoro iliyochapwa ambavyo havipatikani kwa urahisi. Dawa hiyo hurudisha rangi lakini hairudishii plastiki iliyokauka ujana wake, na kipande kilichowahi kubadilika hubadilika tena kikirudishwa palepale. Kinachotakiwa ni kuhamisha rafu. Dirisha linaloelekea magharibi ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa jua la jioni huingia kwa mlalo na kufika hadi ukuta wa ndani. Pazia zito linalofungwa kuanzia saa nane mchana hufanya kazi kubwa kuliko kioo chochote cha bei.

Nyufa

Ufa kwenye kipande cha hudhurungi au chekundu kilichoiva, hasa cha seti za miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010, usikusumbue kutafuta kosa lako. Rangi hizo za kipindi hicho zinajulikana kwa wepesi wa kukatika, na njia pekee ni kutozitenganisha pasipo sababu.

Ufa kwenye kipande angavu, kama kioo cha chumba cha rubani, una maelezo mengine. Vipande hivyo kwa miaka mingi vilitengenezwa kwa polikabonati, ambayo ni ngumu lakini huchukia mafuta na viyeyushi. Nyufa nyembamba kama nyuzi za buibui zilizotawanyika, bila mahali palipogongwa, huelekeza kwenye kilichopuliziwa: dawa ya mbu, manukato, dawa ya kung'arishia samani. Uliza nyumbani, kwa upole, ni nani aliyepuliza dawa chumbani na lini. Kwetu chupa ya dawa ya mbu ilikuwa inasimama rafu ya chini, na kila jioni wingu lake lilipanda taratibu hadi juu. Mafuta ya taa yasitumike kabisa kuondolea gundi ya stika, ingawa utashauriwa hivyo na wengi.

Stika zenyewe zikiinuka pembe, chanzo huwa mafuta ya kidole au vumbi lililonaswa wakati wa kubandika, na ukavu wa kiangazi humalizia. Bandika msimu wa mvua kama unaweza kusubiri, kwa kibano, baada ya kupangusa kipande.

Modeli imehama mahali pake

Ukikuta alama ya mstatili safi kwenye vumbi la rafu, na stendi imesimama sentimita moja nje yake, usikimbilie kumshuku mtoto au paka. Eneo letu limo ndani ya ukanda wa Bonde la Ufa, na mitikisiko midogo hutokea. Malori yakipita barabara ya jirani nayo hufanya kazi hiyohiyo polepole. Vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli huzuia kuteleza vizuri, lakini vifunikwe kwa kitambaa kabla ya kugusa plastiki, kwa sababu mpira mweusi ukikaa muda mrefu juu ya kijivu cheupe huacha doa lisilotoka.

Baada ya kusafisha: madoa meupe, ukungu na mikwaruzo

Vumbi la Dodoma lina chembechembe za mchanga. Anayepitisha kitambaa chenye maji juu ya meli iliyokaa tangu Juni anazigeuza chembe hizo kuwa msasa, na mikwaruzo yake huonekana kama ukungu unaozunguka kufuata mwendo wa mkono. Kwa hiyo mpangilio ni huu: brashi laini ya vipodozi kwanza, kutoka juu kwenda chini, ukifuatwa na upepo wa kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi, kisha maji iwapo bado yanahitajika. Vumbi lisilotoka kwa brashi limechanganyika na mafuta ya jikoni, na hilo huhitaji kutenganisha sehemu na kuziosha kwa mkono katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni nyepesi.

Madoa meupe yanayotokea baada ya kukauka huwashtua wengi, wakidhani sabuni imeunguza plastiki. Tone la siki iliyozimuliwa hutoa jibu: doa likiyeyuka, ni madini yaliyomo majini, lisipoyeyuka, ni mkwaruzo au nyufa. Maji ya visima vya ukanda huu yana chumvichumvi, kila mwenye birika analijua hilo kwa kutazama ndani yake. Osha kwa maji ya bomba upendavyo, lakini suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua uliyoyakinga, au ya chupa, na ukaushe kwa taulo kivulini.

Doa jeusi lenye ncha nyeupe ni kinyesi cha mjusi, mgeni wa kila ukuta wenye taa. Lilainishe kwa pamba yenye maji kwa dakika kumi. Ukilikwangua likiwa kavu, litaondoka na mng'ao wa kipande.

Sehemu zinadondoka ukiinua

Umeinua kwa kushika ukingo, na ukingo wa vyombo hivi ni pambo lisilobeba kitu. Mikono ipite chini hadi iguse fremu, na kazi hiyo ifanywe na watu wawili. Kwa waliohamishiwa hapa kikazi kutoka Dar es Salaam, na ni wengi tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, ushauri ni kugawa meli katika sehemu zake kuu, kuifunga kila sehemu kwa nailoni nyembamba ya jikoni, kuiandika namba, na kutoiacha kwenye buti la gari lililoegeshwa juani.

Sanduku na kitabu vimeliwa

Dalili ni unga mwekundu chini ya sanduku, au mfereji mwembamba wa udongo unaopanda ukutani nyuma ya kabati. Ni mchwa. Kitabu kilicholiwa si msiba, kwa kuwa Lego huweka maelekezo ya seti zake kwenye tovuti yake bila malipo; sanduku la seti iliyoacha kutengenezwa ndilo lisilorudi, na pamoja nalo huondoka sehemu ya thamani ya seti siku ukitaka kuiuza. Masanduku yangu sasa yanakaa juu ya matofali mawili ya saruji, shubiri moja kutoka ukutani, nami hupitisha tochi nyuma yake kila mwanzo wa mwezi, na kila siku tatu mvua zikishaanza.